Akili ya Modemu

Wanaosimulia kwamba Linux ilikuwa ngumu miaka ile hawasemi uongo, ila mara nyingi wanamtwisha lawama asiyehusika. Kusakinisha mfumo wenyewe kulikuwa kazi ya jioni moja: unaweka CD, unagawa diski, unajibu maswali, unakwenda kulala. Kilichowatoa watu jasho ni kuifanya kompyuta hiyo ipige simu. Hapo ndipo marafiki zangu wengi waliporudi kwenye Windows, wakiahidi kujaribu tena mambo yakitulia. Mimi niling'ang'ania, si kwa ushujaa bali kwa ubishi. Kadi ileile, waya uleule na namba ileile ya mtoa huduma vilifanya kazi ukiiwasha kompyuta upande wa Windows, na vikagoma ukiiwasha upande wa Linux. Nilitaka kujua ni nani kati yao aliyekuwa anaficha kitu.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kompyuta nyingi za majumbani zilikuwa zimeunganishwa na mafundi wa katikati ya jiji kutokana na vipande vilivyotoka Dubai, na fundi akikuunganishia mashine alitia modemu ya bei ya chini kabisa aliyokuwa nayo. Ukiuliza imetengenezwa na nani, jibu lilikuwa, "Bosi, hii hamsini na sita, mpya kabisa." Hamsini na sita ni kilobiti kwa sekunde, kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila lililokuwa muhimu kuliko yote halikuandikwa kwenye boksi.

Modemu ya zamani, ile ya kisanduku kinachokaa mezani na taa zake, ilikuwa kompyuta ndogo inayojitegemea. Kazi yake ni kugeuza biti kuwa sauti zinazoweza kupita kwenye waya wa simu, ambao ulitandazwa kwa ajili ya maongezi ya watu na unapitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, hivi. Kisha kuzipokea sauti za upande wa pili na kuzigeuza kuwa biti tena, huku ikifuta mwangwi wa sauti yake yenyewe. Hesabu zake si za mchezo. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chipu maalumu ya kuzifanya, pamoja na programu iliyochomwa humohumo. Kompyuta haikuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Ilipeleka herufi kwenye tundu la siriali, kisanduku kikafanya mengine.

Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wakang'amua kwamba prosesa za Pentium zimepata nguvu za kutosha kuzifanya hesabu hizo zenyewe. Basi wakaing'oa chipu, au wakaacha nusu yake, wakaihamishia kazi kwenye programu ndani ya kompyuta. Kadi ikawa nyepesi, bei ikashuka. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, ndiyo maana kadi hizo zikaitwa winmodemu. Ulichobeba kutoka dukani kilikuwa koo na sikio. Ubongo ulikuwa kwenye CD iliyokuja ndani ya boksi. Ukiifuta Windows, umeufuta na ubongo.

Waandishi wa Linux wangeweza kuandika ubongo mwingine, lakini watengenezaji hawakutoa maelezo ya jinsi ya kuzungumza na chipu zao, na baadhi ya mbinu za kupata kasi kubwa zilikuwa chini ya hataza. Kwa hiyo lawama ikaangukia mfumo usio na kosa. Nami nasema hadi leo kwamba mpango ule uliwaumiza zaidi wenye kipato kidogo. Aliyekuwa na fedha Ulaya au Marekani alinunua modemu ya kisanduku, akaichomeka, akasahau. Kijana wa Sinza au Temeke aliyetaka mfumo wa bure kwa sababu hana fedha za leseni ndiye aliyekuwa na kadi ya bei chee, na ndiye aliyetakiwa awe mtaalamu kabla hajatuma barua pepe ya kwanza. Rahisi ikawa ghali kwelikweli.

Jambo la kwanza, basi, lilikuwa kujua una kadi gani, na jina la kwenye boksi halikusaidia. Boksi mbili za majina tofauti ziliweza kuwa na chipu moja, na boksi mbili za jina moja zikawa na chipu mbili. Uliandika lspci, ukasoma mstari unaotaja kifaa cha mawasiliano, au ulifungua kasha la kompyuta na kusoma maandishi madogo kwenye chipu kwa tochi. Lucent, Conexant, Smart Link: kila jina lilikuwa na njia yake ya mateso. Mwenye Conexant, baadaye kidogo, alipata draiva kutoka kampuni moja ya Kanada iliyoitoa bure kwa kasi ya kilobiti 14.4, na kuiuza kwa anayetaka kasi kamili. Dola zenyewe hazikuwa nyingi. Kadi ya benki ya kulipia mtandaoni ndiyo tusiyokuwa nayo.

Yangu ilikuwa Lucent, na hiyo ilihesabiwa kuwa bahati. Draiva yake ilikuwa na sehemu mbili: kipande kilichofungwa, kutoka kwa mtengenezaji, ambacho hakuna aliyeweza kukisoma, na ganda la nje ambalo watu wa kujitolea walilitunza ili liendane na kila toleo la keneli, yaani kiini cha Linux. Ilikubidi ulikompaili ganda hilo mwenyewe, dhidi ya keneli yako hasa, tarakimu kwa tarakimu. Keneli ya 2.4.7 na ya 2.4.9 hazikuwa ndugu kiasi cha kuazimana draiva. Na msimbo chanzo wa keneli ulikuwa mzigo: ukitaka kuushusha wote kwa modemu, hata laini ikiwa nzuri, ni zaidi ya saa moja ya simu. Tukautoa kwenye CD za usakinishaji, tulizokopeshana hadi zikachubuka.

Draiva yenyewe ilikuwa kwenye intaneti, na intaneti ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Kwa hiyo unakwenda kafe ya intaneti mjini na flopi mfukoni, unalipia muda wako, unaomba ruhusa ya kutumia kiendesha flopi (kafe nyingine walikataa kwa kuogopa virusi), unashusha faili, unapanda daladala kurudi nyumbani. Ukifika, flopi inasomeka au haisomeki. Ikisomeka, kompaila inalalamika kwamba kuna faili la kichwa halipo. Kulipata jina la faili hilo na kurudi mjini kesho yake ndiyo ilikuwa namna yetu ya kuuliza swali na kungoja jibu.

Kuanzia mwishoni mwa 2001 keneli zilikuja na onyo jipya. Ukiipakia draiva isiyo na leseni huria, skrini ilikujulisha kwamba keneli yako sasa imechafuka, maana yake ikianguka usimpelekee mtu malalamiko, kwani hakuna awezaye kuona kilichomo ndani ya kile kipande kilichofungwa. Mwanzoni niliona ni makuu ya wazungu wenye modemu za kisanduku. Baadaye, kompyuta ilipoganda katikati ya simu na hapakuwa na pa kushika, niliwaelewa.

Draiva ikishakaa, ulipata jina la kifaa ndani ya saraka ya /dev, ukafungua programu ya minicom, ukaandika ATZ. Skrini ikajibu OK. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa furaha ya herufi mbili hizo. Lugha hiyo ya amri ilianzishwa na kampuni ya Dennis Hayes huko Marekani na modemu yake ya 1981, wengine wote wakaiiga: ATDT kupiga simu, ATH kukata, ATM0 kuzima spika usiku watu wamelala. Hata winmodemu isiyo na ubongo ilijifanya inaizungumza.

Kisha nikapiga, ikajibu NO DIALTONE. Nikinyanyua mkono wa simu, mlio upo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba modemu ilikuwa inasubiri mlio wa kwao. Marekani mlio wa laini ni sauti mbili kwa pamoja, hezi 350 na 440. Sehemu nyingi za dunia hutumia sauti moja ya karibu hezi 425, na kadi ya bei chee haikujisumbua kuitambua. Dawa yake ilikuwa ATX3, yaani piga tu, usingoje mlio. Amri hiyo ilipita kutoka mtu hadi mtu, imeandikwa nyuma ya risiti na kwenye majalada ya madaftari, na nina hakika iliokoa kompyuta nyingi zaidi kuliko kitabu chochote.

Halafu zikaja zile kelele. Watu huzikumbuka kama fujo moja, lakini zilikuwa na mpangilio. Ule mlio mrefu wa kwanza wa upande wa pili, wa hezi 2,100, ulikuwa unauambia mtandao wa simu uzime vifaa vyake vya kuua mwangwi. Baada yake mashine mbili zinaulizana uwezo, zinaupima waya kwa kupitisha sauti za juu na za chini, zinaafikiana kasi. Tukishazizoea tuliweza kujua kwa sikio kama leo itakuwa 31,200 au 26,400. Hamsini na sita ya kwenye boksi hatukuiona kamwe. Kasi hiyo ilihitaji mtoa huduma awe ameungwa kidijitali na mtandao wa simu, na pawe na mageuzi ya mawimbi mara moja tu njiani; tena ilikuwa ya kushusha peke yake, si ya kupandisha. Masika yakianza, maji yakaingia kwenye viungio vya nyaya, hata ishirini na sita uliiombea dua.

Ukiona CONNECT, bado hujafika. Kwenye minicom ulingojea kuulizwa jina na nywila, au skrini ikajaa takataka za mabano na viwimbi. Takataka hizo zilikuwa habari njema, kwani ndizo pakiti za PPP, itifaki ya kupitisha intaneti kwenye laini ya simu, zikibisha hodi. Hapo laini unamkabidhi pppd, programu inayoendesha PPP, naye ana masharti yake. Jina na nywila viwe kwenye faili la pap-secrets, kwa nukuu, na nafasi zake zikae sawasawa. Kama una kadi ya mtandao na njia kuu ilishaelekezwa huko, pppd haifuti iliyokuwepo: inaunganisha kwa adabu, kisha kila pakiti inakwenda kwenye kadi isiyo na waya. Na ukishayamaliza hayo, unafungua kivinjari, hakifungui kitu. Unajaribu ping kwa namba, inajibu. Kwa jina, kimya. Anwani ya seva ya majina haimo kwenye resolv.conf. Unaiandika, na ukurasa unaanza kuteremka mstari kwa mstari.

Siku hiyo ilipofika nilimwita kaka yangu aje aone. Aliangalia, akauliza kama inaweza kufungua matokeo ya mpira. Ikayafungua. Akasema, "Si ndiyo hiyohiyo ya juzi?" Upande wa Windows alikuwa ameshaiona, kwa hiyo kwake hapakuwa na kipya.

Baadaye kidogo nikakutana na wvdial, programu ndogo iliyobahatisha yenyewe karibu yote niliyoyaeleza: ilitafuta modemu, ikaijaribu kwa kasi mbalimbali, ikatambua zile takataka za PPP na kuanza kazi bila kuulizwa. Ulibaki na faili lenye namba ya simu, jina na nywila. Ningeipata mapema ningelala usingizi zaidi, ila nisingejua chochote.

Kuunganisha kulikuwa nusu ya maisha yale. Nusu nyingine ilikuwa kukata. Kila dakika ilikuwa ya kulipia mara mbili, kwa simu na kwa mtoa huduma, na laini ilikuwa ya nyumba nzima. Shangazi akipiga kutoka Tanga anakuta simu inatumika. Mama akinyanyua mkono wa simu ya sebuleni anapigiwa mluzi wa sikio, na mimi naona NO CARRIER. "Wewe, umeanza tena na madudu yako? Toka, nipige simu." Natoka. Kwa hiyo tulifanya mambo nje ya laini. Unaandika barua zako zote, zinakaa foleni. Saa nne usiku unapiga, fetchmail inavuta zilizoingia, foleni inamwagwa, unakata, unasoma kwa raha zako. Naamini watu waliandika barua pepe nzuri zaidi kwa utaratibu ule. Ulikuwa na siku nzima ya kuifikiria sentensi.

Hata ulipokuwa hewani, ulisubiri. Njia ya kutoka nchini ilikuwa satelaiti, iliyo kilomita kama 36,000 juu yetu, hivyo kwenda na kurudi kwa pakiti kulikula karibu nusu sekunde hata kama mwanga haukucheleweshwa na kitu kingine. Waliotumia telnet kwenda seva za ng'ambo walijifunza kuandika amri nzima bila kuziona herufi.

Modemu ya kisanduku niliipata kwenye mnada wa ofisi iliyokuwa inabadili vifaa. Nikaichomeka kwenye tundu la kwanza la siriali, ttyS0, nikaandika ATZ, ikajibu. Hakuna draiva, hakuna kompaila, hakuna onyo la uchafu. Taa zake zilinieleza yote: ya OH, simu imenyanyuliwa, ya CD, tumeshikana, za SD na RD zikikonyeza, data inapita. Nilipandwa na hasira kidogo nilipofikiria muda wote ule. Ile kadi ya Lucent niliing'oa siku hiyohiyo.

Mabadiliko yalikuja bila kupiga hodi. Mwaka 2005 CD za Ubuntu zilikuwa zinatumwa bure hadi kwenye sanduku lako la posta, na ukiisakinisha mambo mengi yalijipanga yenyewe. Lakini wakati huo waliokuwa na kazi mjini walishapata mtandao wa ofisi, na laini za shaba zilikuwa zinaachwa. Miaka miwili mitatu baadaye zikaingia modemu za USB za kampuni za simu za mkononi, nyingi zikiwa za Huawei. Ukiichomeka kwenye Linux ilijidai ni CD, yenye programu ya Windows ndani yake. Tabia ileile! Ikabidi pawe na programu ya kuiambia iache maigizo, usb_modeswitch, ndipo inageuka kuwa modemu na kuonyesha ttyUSB0.

Nilipofungua minicom kwenye ttyUSB0 nikaandika ATZ, ikajibu OK. Hayes wa 1981, kwenye kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinachoongea na mnara. Namba ya kupiga ilikuwa *99#, na faili langu la wvdial lilihitaji kubadilishwa mistari michache. Hata PPP ilikuwepo, ingawa safari hii ilikuwa maigizo: mazungumzo yake yaliishia ndani ya kile kijiti, na mara nyingi ungeweza kuandika jina na nywila yoyote ikakubali. Kufikia Ubuntu ya Oktoba 2008 uliichagua nchi na kampuni kwenye orodha, ukabofya. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ukaanza kazi, satelaiti ikapumzika, na mimi nikaacha kuwaelekeza watu kuhusu resolv.conf.

Akili ya modemu ilikuwa imerudi ndani ya kifaa chenyewe, lakini si kama ile ya kisanduku. Kijiti kile kilikuwa na prosesa yake, mfumo endeshi wake na programu yake iliyofungwa, na simu zetu za leo ziko hivyohivyo: upande wa redio una kompyuta yake ambayo Android haiioni ndani. Kuanzia 2010 kuna watu walioandika programu huria ya upande huo, OsmocomBB, ila inakwenda kwenye simu chache za zamani za Motorola na wenzake, za 2G tu. Kwa 4G mlango umefungwa kuliko Lucent alivyoufunga. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa inafanya kazi.

Mwaka juzi mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alikuwa anatengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya maji kwa meseji. Alikuwa na Arduino na moduli ya SIM800L, na alikuja analalamika. "Mjomba, naiandikia AT inanijibu OK, nikituma meseji inazima." Nikamwambia lugha anayo, asihangaike na msimbo; aangalie umeme. Moduli ile inataka volti nne hivi, na inaporusha mawimbi kuufikia mnara huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, naye alikuwa ameipa umeme kutoka kwenye Arduino. Tukaiwekea betri ya lithiamu na kapasita kubwa, AT+CMGS ikapita. Sasa anachonisumbua nacho ni kingine: moduli hiyo ni ya 2G, na anataka kujua kama anunue ya 4G mapema. Nimemwambia anunue, kisha kabla ya kuandika chochote atafute mwongozo wa amri zake.